Mstari wa Aina ya Ndoa

Nchi anakofanya kazi mume wangu sitaitaja. Faili langu bado liko mezani kwao, na watu wa ubalozi husoma kila kitu. Itoshe kusema ni nchi ya baridi, kwamba yeye ni mpishi katika jiko la hospitali huko, na kwamba baada ya harusi tuliishi pamoja siku kumi na tisa tu, likizo yake ikaisha. Tangu hapo nimekuwa mke wa kwenye simu. Naishi kwa mama yangu Temeke, nafundisha darasa la nne, na ikifika jioni situlii mahali pamoja mpaka apige.

Barua ya ubalozi iliingia kwenye simu nikiwa darasani. Niliwapa watoto zoezi la hesabu, nikasimama mlangoni nikaisoma. Wamepokea maombi yangu ya kumfuata mume. Wamepokea cheti cha ndoa na tafsiri yake. Lakini kwenye cheti, mstari wa aina ya ndoa, imeandikwa kwamba ndoa yetu inaweza kuwa ya wake wengi. Wao humpokea mke mmoja tu. Nilete uthibitisho kwamba mke huyo ni mimi na hakuna mwingine.

Niliisoma mara tatu. Mimi ninayemrudishia mtoto daftari kwa sababu ya nukta, nilikuwa sijawahi kuusoma mstari huo kwenye cheti changu mwenyewe.

Anayezijua harusi zetu atanielewa. Siku ile nilikuwa chumbani kwa mama, nimezungukwa na mashangazi, piko mikononi bado mbichi. Imamu alikuja akasimama mlangoni kuchukua idhini yangu. Aliuliza mara ya kwanza nikanyamaza, kama nilivyofundishwa kunyamaza, akauliza tena, nikasema nimeridhia. Baadaye kikaletwa kitabu. Shangazi mmoja akanishika kiwiko, akanionyesha kwa kidole. "Saini hapa, na hapa. Taratibu, utaharibu piko." Nami akili yangu yote ilikuwa kwenye yale maua ya mkononi. Ningepewa karatasi ya kuuza nyumba ya mama ningesaini vilevile.

Jumamosi nilikwenda Buguruni kumtafuta imamu. Nilimkuta barazani nyuma ya msikiti, ana kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba, binti yangu. Mumeo hajambo huko?"

"Hajambo." Nikampa cheti, nikamwonyesha mstari.

Alikishika mbali na macho, akakisoma, akanirudishia. "Sasa kosa liko wapi? Ndoa zetu zote mie naandikaga hivyo. Mwanaume ana nafasi yake. Kuitumia au kutoitumia ni juu yake."

"Lakini hukutuuliza."

"Binti yangu, nimeozesha miaka mingi. Hakuna bwana harusi aliyeniambia niandike vingine, na hakuna bibi harusi aliyerudi kuuliza. Wewe ndiye wa kwanza."

Alisema kwa upole kabisa, akaniagizia na kahawa. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na ubaya wake ni kwamba sikuwa na wa kumkasirikia.

Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nilipomweleza hakuinua uso. "Mwanaume haulizwi mambo hayo," akasema. "Ukimuuliza unamkumbusha."

Mama yangu ana haki ya kusema hivyo. Baba alipooa mke wa pili, mama hakuambiwa na mtu. Tulikuwa tumesimama mlangoni, mimi nina miaka tisa, tukaona godoro jipya linapita juu ya mkokoteni, na baba anatembea nyuma yake akielekea Vingunguti. Mama aliniambia niingie ndani nikale. Sijawahi kumsikia akilalamika, na nadhani hilo ndilo lililoniogopesha maisha yangu yote.

Jumatatu nikaenda kwa wakili, dada mmoja mwenye ofisi ndogo karibu na mahakama. Alisoma barua, akacheka kidogo. "Dada, hii isikunyime usingizi. Mumeo aape hukohuko aliko kwamba hana mke mwingine, akutumie hicho kiapo, upeleke. Kinatosha kabisa."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, ila huihitaji. Nyie wawili mnasimama mbele ya hakimu, mnatamka kwa hiari yenu kwamba mnaibadilisha ndoa iwe ya mke mmoja. Hiyo lazima awepo yeye mwenyewe."

"Na akishatamka, halafu akitaka kuoa tena?"

Aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Hawezi, mpaka mrudi tena wote wawili mkaibadilishe. Yaani mpaka wewe ukubali."

Kiapo kingesema hana mwingine leo. Mimi nilikuwa naitaka kesho pia. Jioni mume wangu alipopiga, nilimwambia ubalozi unataka twende kwa hakimu, bila hivyo visa hakuna. Ulikuwa uongo mtupu, na nilishangaa jinsi ulivyotoka laini.

Akauliza, "Yaani niandike sitaoa tena?"

"Ndiyo wanavyotaka."

"Sijasema nitaoa. Lakini kwa nini nifungwe na watu wa ubalozi?"

"Waulize wao," nikasema.

Akasema ana zamu, atapiga kesho. Kesho hakupiga, wala kesho kutwa. Nilisahihisha madaftari nikayarudia upya. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Niliandika ujumbe wa kumwambia ukweli, nikaufuta, nikaandika mwingine wa kumtukana, nikaufuta na huo. Mama alinitazama tu, hakusema "nilikwambia", na laiti angesema. Niliwaza kwamba nimempoteza mume niliyekuwa naye ili kumpata ambaye labda hayupo. Siku ya tatu ikaingia sentensi moja. Ameomba ruhusa kazini, anakuja kwa siku nane.

Alikuja amekonda kidogo, na zawadi ya mama kwenye begi. Hatukulizungumza lile jambo. Siku ya tano tukaingia kwa hakimu, chumba chenye feni inayolalamika na mafaili hadi dirishani. Wakili wetu alikaa pembeni. Hakimu alisoma maelezo, akamgeukia mume wangu.

"Unatamka haya kwa hiari yako?"

"Ubalozi ndio wanataka, mheshimiwa."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Sikuuliza ubalozi wanataka nini. Ubalozi haukuoa. Nakuuliza wewe. Kuna mtu amekulazimisha, au kukudanganya?"

Wakili aliangalia viatu vyake. Hapo ndipo palikuwa pangu pa kusema, na nilijua ni hapo. Sikusema.

"Hapana, mheshimiwa," mume wangu akajibu. "Hakuna aliyenidanganya. Ni hiari yangu."

Nilipoulizwa mimi nilisema ndiyo kabla swali halijaisha. Tukasaini.

Nje, chini ya ukuta wenye kivuli, tulimsubiri wakili atuletee nakala. Mume wangu alikuwa anaangalia barabarani.

"Kiapo kingetosha," akasema. "Kuna jamaa kazini, mkewe alipelekewa barua kama yako. Akaapa tu, mke akaja."

Nikamgeukia. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Mbona ukaja?"

"Siku ya tatu yote nilikuwa najiuliza hilo." Bado hakuniangalia. "Ungeniuliza tu, mke wangu. Kama nina nia ya kuoa tena."

"Ungenijibuje?"

Akafikiri, akafikiri kweli. "Siku ile? Ningekwambia sijui."

Wakili akatoka na nakala mbili, akatupongeza, akatupa mkono mmoja mmoja. Hatukupata tena nafasi ya kuendelea na mazungumzo yale, au nafasi zilikuwepo tukazipita.

Ameondoka Jumanne. Tamko nimelipeleka ubalozini pamoja na cheti, na bado hawajajibu. Tunaongea kila jioni kama zamani. Kila jioni nakusudia kumwomba msamaha, nafungua kinywa, najikuta namuuliza amekula nini.