Nahodha Aliyetafuta Hewa

Kabla ya kupewa chombo cha angani, Nelima Wakhungu alikuwa akitengeneza kadi za harusi na vijitabu vya mazishi katika kibanda chake mtaani Matisi, Kitale. Levi, mwongozaji wa vipindi vya televisheni kutoka Bungoma, alikuja kuchukua kijitabu cha mazishi ya mjomba wake, akasimama mlangoni akikifungua na kukifunga.

"Unaweza kutengeneza kompyuta?" akauliza.

"Ikiharibika?"

"Hapana. Ya uongo. Ya ndani ya chombo cha angani. Haifanyi kazi yoyote, inaonekana tu."

Nelima alitaka kujua inaonekana na nani. Levi akasema na watu walioketi nyumbani wakinywa chai. Nelima akakubali.

Chombo chenyewe kilikuwa ghala la mahindi lililoachwa, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Televisheni za kukodi zilipachikwa ukutani, na Nelima akaketi nyuma ya ukuta wa mbao na kompyuta yake. Mwigizaji akigusa televisheni, ambayo haikujua kuguswa, yeye ndiye aliyebonyeza ili picha ibadilike. Levi alitaka vitu vingi: mistari, maduara, taa nyekundu.

"Na hizi namba ni za nini?" Nelima aliuliza.

"Ni za kukimbia."

Nahodha alikuwa Hashim, muuza magodoro wa karibu na msikiti, aliyechaguliwa kwa sababu ya sauti yake. Hakuwahi kuigiza maishani, kwa hiyo aliamini kila kitu. Siku ya kwanza alizunguka chombo kizima akiuliza chakula kimewekwa wapi.

Ikafika siku ya hewa kuisha. Mulki, aliyeigiza fundi wa chombo, alikuwa amelala sakafuni akitweta. Hashim alitakiwa kukimbia hadi kwenye skrini, agonge popote, hewa irudi. Alikimbia. Akafika. Akasimama.

Mulki akatweta. Akatweta tena.

"Kata!" Levi akapiga kelele. "Hashim, unangoja nini?"

"Natafuta hewa."

"Gonga popote bana! Kila mahali ni hewa."

"Na nikigonga pa kufungua mlango, tukiwa huko angani?"

Walirudia, na Hashim akagonga, lakini kwa uso wa mtu anayegonga kitu asichokijua. Mulki alisema kutoka sakafuni kwamba hata yeye hangependa kuokolewa hivyo.

Wengine walienda kula. Nelima alibaki nyuma ya mbao, akiona haya kidogo. Katika vijitabu vyake vyote hakuwahi kuweka jina la marehemu mahali ambapo mtu angelazimika kulitafuta. Hapa watu walikuwa wanakufa, na yeye amewawekea maduara.

Akafuta kila kitu. Akaandika HEWA, chini yake namba kubwa, na chini ya namba kitufe kimoja: RUDISHA.

"Inakaa kama mashine ya kupima mahindi," Levi akasema aliporudi.

Hashim akaisogelea, akaisoma. "Dada, hii sasa naweza kuokoa nayo watu."

Wakarekodi. Nelima aliishusha namba polepole. Hashim aliiona akiwa bado mbali, akakimbia, akageuka kumtazama Mulki kabla ya kugusa kitufe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nelima aliduwaa, akachelewa kubonyeza. Kisha namba ikapanda. Mulki akavuta pumzi.

"Alhamdulillahi," Hashim akasema. Neno hilo halikuwa kwenye mswada. Levi aliliacha libaki.

Kipindi kiliporushwa, Nelima alikuwa huko Ndalu kwa mama yake, sebule imejaa majirani. HEWA ikatokea. Lakini mhariri fulani huko Nairobi alikuwa ameizungushia mistari, maduara na namba zinazokwenda mbio.

"Yako ni gani?" mama yake aliuliza.

"Hiyo ya katikati, mama. Imeandikwa hewa."

"Hiyo naelewa. Na hizo zingine ni za nini?"

"Ni za kukimbia."

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

Nelima alimpigia Levi simu, akamkasirikia kwa adabu. Levi alisema watu hawawezi kuamini chombo cha angani kisicho na maduara. Kisha akamwambia kwamba msimu wa pili chombo kitakuwa na wodi ya wagonjwa, na wodi inataka skrini. Nelima alikubali, mradi tu asiongezewe kitu bila kuulizwa. Levi akasema sawa, kwa sauti ya mtu atakayesahau.

Wiki iliyofuata Nelima alikwenda Lugulu kumwona Phelista, rafiki yake wa tangu shule, ambaye sasa ni muuguzi. Alimuuliza: mashine za wagonjwa zikianza kulia, wao huangalia nini kwanza?

"Mgonjwa," Phelista akasema. "Mashine unaiangalia baadaye, kujua kama umeona vizuri."

Nelima akatoa simu ili amrekodie Levi maneno hayo, akamwomba aseme tena. Phelista akapangusa mdomo, akajinyoosha kitini, akarudia maneno yale yale kwa Kiswahili cha redioni.