Mpiga video wa Malaba anayetaka sauti ya Callistus isikike ilivyokuwa

Ni saa tatu na robo asubuhi. Malori yaliyolala barabarani yakisubiri kuvuka kwenda Uganda yanaanza kunguruma moja baada ya jingine. Katika kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta mjini Malaba, Benedetta Asekenye anageuza kiti cha plastiki kitazame ukuta.

“Kaa hapo, na usigeuke,” anamwambia Otukei, mwendesha bodaboda aliyekuja kuchukua picha zake za pasipoti. “Nitakuwekea wimbo mara mbili. Wewe uniambie tu unaupenda upi.”

“Mama, hii ni mtihani ama ni uchawi?”

“Ni wimbo. Sikiliza.”

Wimbo unapigwa mara ya kwanza, kisha ya pili. Gitaa ni zile za kukwaruza, ngoma ni nzito, na mwimbaji ni mwanaume mwenye sauti ya kifua. Otukei anakuna shingo.

“Ya kwanza anaimbia ndani ya ndoo,” anasema. “Ya pili anaimba kama mtu.”

Asekenye haonyeshi kufurahi wala kukasirika. Anafungua daftari la shule, anaandika nambari 31 na jina la Otukei, na mbele yake neno moja: pili.

Mwimbaji ni yule yule, na usiku ni ule ule. Tofauti ni kwamba sauti ya kwanza imetoka kwenye DVD inayouzwa madukani kutoka Malaba hadi Busia, na ya pili imetoka kwenye kinasa sauti cha Asekenye mwenyewe. Jina lake limeandikwa kwenye jalada la ile DVD, na hilo ndilo linalomkosesha raha.

“Wameniandika mimi ndiye niliyerekodi,” anasema kwa sauti ya chini. “Mtu akisikia ule uchafu, anajua ni wa Asekenye.”

Asekenye, mwenye umri wa miaka 44, hakusomea kazi hii popote. Kamera yake ya kwanza aliinunua Tororo ikiwa na kitabu cha maelezo cha Kijapani. Alijifunza kwa kubonyeza kitufe kimoja kila siku na kuandika kilichotokea. Kazi nyingi anazopata ni za mazishi, na kwa siku mbili za matanga hulipwa shilingi elfu sita, pungufu ya hapo familia ikiwa haina.

Ni matanga yaliyomfundisha kuheshimu sauti.

“Watu wakishazika, wanarudi kuangalia video. Hawaangalii jeneza. Wanataka kusikia mzee fulani alisema nini kuhusu mpaka wa shamba,” anaeleza. “Maneno yakipotea, watu wanaweza kukatana. Kwa hivyo mimi huweka maikrofoni kwanza, kamera baadaye.”

Miaka miwili iliyopita, bendi ya Etom, yaani tembo kwa Kiteso, ilimwomba arekodi tamasha lake katika ukumbi wa kanisa mjini Malaba. Etom hupiga roki. Kiongozi wake, Callistus Emojong, ambaye sasa ana miaka 58, aliipenda akiwa kijana mpakiaji mizigo, kupitia kanda ambazo madereva wa masafa marefu walimwachia. Alitunga nyimbo zake kwa Kiteso na Kiswahili. Usiku huo ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kwenye madirisha.

Asekenye alitumia kamera mbili na kinasa sauti kilichounganishwa moja kwa moja na mashine ya kuchanganyia sauti. Kabla ya kila wimbo alitembea hadi mbele ya jukwaa, akainua mikono na kugonganisha viganja mara moja. Kamera iliona viganja vikigusana, na kinasa sauti kilisikia mlio. Baadaye fundi akilinganisha vitu hivyo viwili, wimbo mzima hukaa sawa, mdomo na neno pamoja.

Kufikia wimbo wa nne, umati ulikuwa ukigonga viganja pamoja naye na kucheka.

Bendi ilimpa kazi ya kuhariri na kusambaza mfanyabiashara mmoja wa Busia anayeitwa Oundo, mwenye duka la filamu. Asekenye alimpelekea diski ya kompyuta yenye picha zote, sauti kwenye kadi ya kinasa, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa mkono. Akabaki na nakala ya sauti. Hakuwa na diski nyingine ya kuweka nakala ya picha.

Karatasi ile haikusomwa. Mhariri wa Oundo alipoona mwanamke akipita mbele ya kamera mara kumi na mbili, alidhani ni kasoro. Kwa unadhifu wake wote, akamkata mara zote kumi na mbili.

Baada ya hapo sauti nzuri ikakataa kukaa na picha. Callistus alifunga mdomo na neno likaendelea. Badala ya kumpigia simu aliyerekodi, mhariri aliitupa sauti ya kinasa na kutumia ile ya maikrofoni ndogo ya kamera, iliyokuwa kando ya spika kubwa. Picha za kamera ya pili, ambazo kwa asili ni za mraba, zilivutwa ili zijaze kioo kipana. Kisha tamasha zima likabanwa kwenye DVD moja pamoja na filamu sita.

“Watu waliniuliza kama nilikuwa nimenenepa,” anasema Callistus, akitabasamu kidogo. “Mke wangu alisema, kama nyama hizo ziko, nizilete nyumbani.”

Inabidi msikilizaji ainame ili amsikie. Miezi mitano baada ya tamasha, madaktari walimtoa uvimbe kwenye koo. Alipona, lakini sasa ananong'ona tu. Bendi haikuwahi kurekodi studio. Sauti ya Callistus Emojong akiimba imebaki katika nyimbo kumi na mbili za usiku huo pekee.

“Mjukuu wangu haikumbuki sauti yangu ya zamani,” ananong'ona. “Ananijua kwa ile DVD. Ananiuliza, babu, mbona ulikuwa unaimba ukiwa mbali?”

Asekenye alienda Busia mara tatu kuomba kazi irekebishwe. Mara ya tatu, Oundo alimjibu mbele ya wateja.

“Dada, unajisumbua. Watu wa hapa wanataka kuona vitu vinachezacheza. Hawasikii tofauti.”

Asekenye alirudi Malaba na kukaa na maneno hayo wiki nzima. Anasema angeweza kusamehe mhariri asiyejua kazi, kwa sababu yeye mwenyewe alianza hajui. Alichoshindwa kumeza ni dharau. Mtu anayeuzia watu bidhaa kila siku alikuwa amekata shauri kwamba watu hao hawana masikio.

“Hapa mtu anasikia lori likija akajua gia imeharibika,” anasema. “Mama anasikia ng'ombe wake kati ya ng'ombe ishirini. Eti asisikie wimbo.”

Ndipo akageuza kiti kikatazama ukuta.

Kwa siku tisa kila mteja aliyekubali aliketi hapo. Asekenye alibadilisha mpangilio, mara sauti mbovu kwanza, mara nzuri kwanza, ili asijidanganye. Walikuja wabadilishaji fedha, mawakala wa forodha, na mwalimu mmoja mstaafu aliyeomba kusikia mara nne. Mwishowe watu 46 walikuwa wamesikiliza, na 43 walichagua sauti ya kinasa. Wawili walisema zote sawa. Mmoja, Mama Akwii muuza dagaa, alisema zote ni kelele na akataka kujua picha zake ziko wapi.

“Huyo pia nimemwandika,” anasema Asekenye.

Jumatatu iliyofuata alimpelekea Oundo daftari. Oundo alilipitia ukurasa kwa ukurasa, akitafuta majina anayoyajua.

“Hata Emorut wa kubadilisha pesa?”

“Hata yeye.”

“Huyo ni mteja wangu.”

“Basi amekusikia miaka yote hiyo.”

Oundo aliingia nyuma ya duka na kurudi na diski. Alisema aichukue tu, kwake haina kazi tena. Asekenye alipoifungua kibandani alielewa. Nusu yake ilikuwa imejazwa filamu za mapigano. Nyimbo saba zilikuwa salama, viganja vyake vikiwa bado mwanzoni mwa kila moja. Picha za nyimbo tano zilikuwa zimefutwa, na fundi mwenzake wa Alupe aliyejaribu kuzirudisha kwa siku mbili alishindwa.

Alipompelekea Callistus habari hizo, hakulainisha neno.

“Tano zimekufa?” aliuliza Callistus.

“Picha zimekufa, mzee. Sauti ninayo yote.”

Asekenye amekwisha kulinganisha nyimbo nne. Anakusudia kumaliza kabla ya Pasaka na kuliweka tamasha zima kwenye flashi. Lakini kwanza litaonyeshwa katika ukumbi ule ule wa kanisa, kwa spika za kukodi na kioo kikubwa. Picha za kamera ya pili zitabaki za mraba kama zilivyorekodiwa, pembeni kukiwa na weusi. Oundo amealikwa kwa barua. Hajajibu.

Nyimbo tano zisizo na picha hazitaachwa nje. Kioo kitakuwa cheusi toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na juu ya weusi huo litaandikwa jina la wimbo tu.

“Watu watadhani umeme umepotea,” Callistus alimtania.

“Watangoja kidogo, halafu watakusikia,” Asekenye akamjibu, na kumuuliza onyesho lianze na wimbo upi.

Callistus aliipitia orodha kwa kidole, akazipita saba zenye picha, na kukiweka kwenye moja ya zile tano.