Ukurasa wa Kumi na Saba

Mimi nilikuwa nashona vitabu. Yeye alipanga herufi, meza ya jirani, katika kiwanda chetu cha kupiga chapa pale Thika. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, na sabuni ilikuwa imevikatia tamaa. Aliokota herufi za madini ya risasi moja moja, akizipanga kinyumenyume, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali. Akiitwa, alimaliza mstari kwanza. Hata mzungu wa serikali, aliyekuja wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, kukagua kitabu cha mwalimu mmoja wa Ruiru, alingojeshwa hivyo hivyo. Ukurasa wa kumi na saba, ulioeleza mashamba yalivyochukuliwa, mzungu aliupiga wino mwekundu wote.

"Toa hii yote. Leta kumi na nane hapa. Watu hapana jua kitu imetoka."

Akamaliza mstari. "Nitatoa, bwana."

Akatoa kweli. Lakini kitabu kilipotoka, namba kumi na saba ilisimama peke yake juu ya karatasi nyeupe, na Ruiru nzima ilianzia kusoma hapo. Nikamwuliza, "Wewe, huogopi?"

Akaokota herufi nyingine. "Kuzika nimezika," akasema. "Kusawazisha kaburi, hapana."