Ngozi Niliyoitupa

Nilikwenda Dubai kutengeneza milango. Mkataba ulisema seremala, na mimi ni seremala kweli, mtu wa Tanga, niliyejifunza kwa baba yangu kuchonga vizingiti na vitanda vya mninga. Mwaka wa pili kampuni ya milango ikafungwa, na rafiki mmoja akanipeleka sanaiya, kule kwenye karakana, kwa mzee wa Kiiraki aliyekuwa akikarabati maudi, zile ala za nyuzi. Sote tulimwita ustadhi. Aliniangalia mikono, akanipa ubao mwembamba kama kadi ya benki, akaniambia niukunje kwa moto bila kuuvunja. Nilivunja tatu. Wa nne ulikunjika, nikapata kazi.

Kwa miaka minne alinifundisha kuupiga udi, na kuutambua ule wa kale. Tajiri analeta udi aliouziwa kwa sifa nyingi, na ndani, ukimulika kwa tochi na kioo kidogo, kuna karatasi yenye jina la fundi maarufu na mwaka. Karatasi usiiamini, alisema ustadhi. Karatasi huchovywa kwenye chai, huanikwa juani, na kufika jioni imeshatimiza miaka mia. Pima mbavu za tumbo la udi uone kama unene unapishana, maana mkono wa mtu haurandi kama mashine. Tazama matundu ya vigingi kama yalizibwa yakatobolewa upya. Nusa ndani. Halafu tazama pale risha, yaani ule unyoya wa kupigia nyuzi, ulipokwaruza miaka nenda miaka rudi. Alama za mikono ya watu ndizo zinazosema kweli, na fundi mjinga huzisafisha.

Nilivimba kichwa. Mtu akifungua mkoba tu, mimi nimeshamwambia ameuziwa feki. Wengine walinuna, na mmoja alinitukana kwa Kiarabu mpaka ustadhi akamtoa nje. Sikujali. Niliona nimekuwa mtu.

Siku moja akaja bwana mmoja wa makamo, amevaa kanzu nyeupe ya Kiarabu lakini Kiswahili chake cha Unguja tupu. Alibeba kitu kilichofungwa kwenye shuka. "Udi mbovu wa babu yangu," alisema. "Mama anautaka upigwe kabla hajafa. Fanya upendeze." Nilipofungua shuka nikajua si udi. Tumbo na shingo vilichongwa kwenye gogo moja, na usoni, mahali pa mbao, paliwambwa ngozi ya mbuzi. Lilikuwa gambusi, ala iliyokuwa ikipigwa pwani yetu kabla maudi hayajajaa. Nilikuwa sijawahi kulishika. Ustadhi alilitazama akasema kazi ya ngozi haijui vizuri, yalla, nifanye mwenyewe.

Ngozi ilikuwa imepasuka upande mmoja na ina wadudu. Karakana yetu ilikuwa na sharti moja lisilovunjwa: chochote chenye wadudu kinatolewa siku ile ile, kisije kikaambukiza maudi ya watu. Na kabla ya kugusa ala yoyote tulitakiwa kuipiga picha. Nilipiga picha za shingo, za vigingi, za mgongo uliong'aa kwa jasho la mikono ya mtu. Uso sikuupiga. Ulikuwa mbaya, umechanika, una doa kubwa la kahawia karibu na ukingo. Nilidhani ni ukungu. Nikaibandua ngozi kwa maji ya moto, nikaifunga kwenye mfuko mweusi, nikaitupa kwenye pipa kubwa la barabarani. Gari la taka lilipita kabla sijamaliza kunywa chai.

Wakati ngozi mpya inakauka, yule bwana akaniomba niende kwake Mirdif siku za Ijumaa, nijifunze kwa mama yake ngoma anayoitaka. Basi lilinishusha mbali, nikatembea juani kati ya kuta ndefu za majumba, ndege zikipita juu kwa mngurumo mpaka mtu anasahau alichokuwa akifikiri. Mlango ulifunguliwa na dada wa Kenya, mtu wa bara, aliyekuwa akimhudumia yule bibi. "Karibu fundi," alisema. "Shosh amekungoja tangu asubuhi. Ameniuliza saa mara kumi, aki."

Bibi, huyo shosh wake, alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amejitanda kanga, macho yake yamefunga utando mweupe. Sukari ilikuwa imemla. Vidole vilikufa ganzi, hata kikombe dada ndiye aliyemshikisha. Lakini masikio yalikuwa mazima, na ulimi pia.

"Wewe mtu wa wapi, baba?"

"Tanga, bibi."

"Haya. Si mbali. Keti kitako."

Ile ngoma, alinieleza, ilikuwa ya harusini. Baba yake alikuwa fundi cherehani mchana, lakini kukiwa na harusi yeye ndiye mpiga gambusi. Wanaume wawili huinuka kati ya wageni, huenda mbele pamoja, hurudi nyuma, hugeuka, na vigoma vidogo vya mkononi viitwavyo marwasi huwajibu. Waliokuwa wakiijua wote wamekufa, wengine huko Unguja, wengine hapo hapo Dubai. Yeye ndiye aliyebaki nayo, na hakutaka kuondoka bila kuisikia kwenye gambusi la baba yake. Akaniimbia kwa sauti ya puani, nami nikaifuata kwa udi wangu wa mazoezi.

Sauti niliipata haraka, nikafurahi. Yeye hakufurahi.

"Unapiga kama unafukuzwa na mbwa," alisema. "Aliyevaa kanzu ndefu ataruka hivyo vipi?"

Nikapunguza. Akanisimamisha tena mahali pale pale.

"Hapo anageuka. Mngoje ageuke."

"Nimngoje kwa muda gani, bibi?"

"Mpaka amalize kugeuka. Kwani wewe huna macho?"

Dada wa Kenya alicheka mpaka akaweka sinia chini. Basi bibi akatuamuru sisi wawili tuicheze, mimi na huyo dada, kwenye zulia la sebule. Mimi seremala mwenye magoti mabovu, yeye na aproni yake, tukaenda mbele, tukarudi, huku bibi akiimba na kupiga kisigino kwenye chuma cha kiti. Nilipogeuka nikaelewa. Mwili unahitaji pumzi moja pale, na muziki lazima uiachie nafasi ile pumzi. Hakuna kanda wala karatasi ambayo ingenionyesha jambo lile. Niliporudi kwenye udi nikapiga, bibi akasema, "Sasa wanaweza kucheza." Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo katika nchi ile.

Ijumaa ya tano nikaenda na gambusi. Ngozi mpya nyeupe, imekazika vizuri, nyuzi zimetulia. Nilijivunia kazi yangu. Nilimwekea bibi mapajani, naye akaanza kuupapasa uso wa gambusi kwa kiganja, taratibu, akitafuta.

"Mkono wangu uko wapi?" aliuliza.

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamwambia mkono wake huo hapo, bibi. Akacheka.

"Si huu mzee. Ule wa utotoni. Nilikuwa na miaka sita, nimepakwa hina ya harusi ya dada yangu, haijakauka. Nikakimbilia gambusi la baba, nikalibandika kiganja. Mama akanikamata anipige. Baba akasema mwacheni, ametia muhuri. Hakuisugua ngozi ile mpaka anakufa. Sisi tulipotoka Unguja hatukubeba picha hata moja, baba. Ya harusi, ya shule, hakuna. Mimi mtoto nimebaki hapo tu. Zamani nikiona nilikuwa nautazama. Sasa vidole havisikii. Hebu nioneshe, upo?"

Lile doa la kahawia. Nilimtazama dada wa Kenya, naye alikuwa akiitazama ile ngozi nyeupe isiyo na kitu.

"Upo, bibi," nilisema. Nikauchukua mkono wake, nikauweka karibu na ukingo, pale doa lilipokuwa. "Hapa."

Akauacha hapo. Hakuniomba hata nipige siku ile. Alikaa na kiganja chake juu ya ngozi, uso umetulia kabisa, mpaka ikawa sala ya alasiri.

Dada alinisindikiza mpaka geti. "Fundi, umemdanganya shosh," alisema.

"Ningesema nini?"

"Sijui," alisema. "Hata mimi nisingejua." Akafunga geti.

Wiki ile sikufanya kazi ya maana. Nilikwenda kwenye lile pipa, nikijua fika ni upuuzi, nikasimama nalitazama. Baadaye nikanunua hina kwenye duka la Wahindi, nikaikoroga kwenye bakuli, nikakata kipande cha ngozi iliyobaki nijaribu kuchora kiganja cha mtoto. Kilitokea vizuri mno. Mikono yangu ilikuwa imejifunza kila hila ya watu niliokuwa nikiwadharau, na ningeweza kukizeesha kwa chai na moshi hata mwana wa bibi asishtuke. Nikajichukia. Nikamwaga hina kwenye sinki, doa lake likakaa pale kwa miezi, na ustadhi akanigombeza kila alipoliona.

Mwisho nikajisemea nitamwambia kweli. Nilijiona mtu mwema kwa uamuzi huo, nakiri. Ndani ya basi la kwenda Mirdif nilipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa iliyopita.

Nilimkuta bibi amekaa dirishani, gambusi mapajani, kiganja kiko pale pale nilipokiweka. Dada akanong'ona kuwa kila asubuhi baada ya chai huliomba, na hukaa nalo hivyo. Nilipiga magoti mbele ya kiti. Nikamwambia yote: wadudu, picha ambayo sikuipiga, mfuko mweusi, gari la taka. Nikamwambia nilisema uongo kwa hofu, na naomba radhi.

Hakupiga kelele. Aliuondoa mkono juu ya ngozi, akauweka kwenye kanga yake.

"Mara ya kwanza umeutupa hujui," alisema. "Hilo nimeshakusamehe, wewe ulijuaje. Lakini leo umekuja kuutupa tena, na leo unajua. Vidole vyangu havisikii, macho sina. Neno lako lilikuwa linanitosha. Ungeniachia, baba. Zilikuwa siku chache."

Ule wepesi niliokuja nao ndani ya basi ulikuwa utulivu wake, nami nilikuwa nimeuchukua. Nililia mbele ya dada wa watu bila haya.

"Haya, khalas, piga," alisema bibi. "Ndiyo uliyoitiwa."

Nikapiga. Nilipiga ile ngoma mwanzo mpaka mwisho kwenye gambusi la baba yake, kwa mwendo wa kanzu ndefu, na pale mchezaji anapogeuka nikangoja. Hapakuwa na kosa. Nilimtazama kila mara nikitaka anisimamishe, aniambie nafukuzwa na mbwa, aniambie chochote. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema ahsante, kama mtu anavyomwambia dereva, akamwomba dada amrudishe kitandani.

Alifariki wiki tatu baadaye. Mwanawe alinipigia simu kunishukuru, maana mama yake alimweleza kuwa fundi ameijua ngoma sawasawa na kazi imekwisha. La ngozi hakumwambia. Nikamuuliza kama gambusi lilikuwa naye siku za mwisho. Akasema ajabu ni kwamba lilikuwa ukutani muda wote, na mama hakuliomba tena.