Vumbi Haimalizi Mwangaza

Ninyi vijana mutakaosoma hii, mukae vizuri. Mimi nilisoma miaka tatu tu ya primere, kiisha nikashika jembe. Habari ya nyota sikuitafuta. Ilinifikia hapa kwangu, pembeni ya Nyabiondo, kupitia mujukuu wangu.

Huyu binti alikuwa anamaliza sekondere. Profesere aliwapa kila mumoja kazi ya kusimama mbele ya darasa na kuelezea kitu; wao wanaita ekspoze. Yeye alipewa vumbi yenye iko katika galaksi, yale makundi makubwa ya nyota yenye kuzunguka na mikono yao. Alisema vizuri mupaka profesere akauliza: «Mwangaza yenye vumbi inakamata, inaenda wapi?» Akajibu: «Inaisha.» Darasa lote likacheka. Profesere akamupa nafasi moja ingine, nyuma ya siku mbili.

Baba yake, mutoto wangu wa kwanza, aliposikia akasema palepale: «Akianguka tena, basi. Maharagwe iko inamungoja. Nyota haipikwe.»

Kesho yake nikamukuta binti nyuma ya nyumba na foto mbili kwenye magoti.

«Koko,» vile wajukuu wananiita, «angalia. Ni galaksi moja. Hii foto walikamata na ultraviole, mwangaza kali ya nyota changa zenye moto sana. Jicho yetu haiione. Hii ingine ni enfraruje, mwangaza yenye vitu vya joto vinatoa.»

Kwenye ya kwanza kulikuwa mistari nyeusi kati ya mikono. Nikasema: «Pale hakuna kitu.»

«Iko, Koko. Vumbi njo imefunika.»

«Vumbi gani? Ya barabara ya Sake, pikipiki ikipita?»

Akacheka. «Ile ni mawe! Ya kule ni ndogo sana, kama moshi.»

Kwenye foto ya pili, palepale penye giza, paliwaka.

Nikakumbuka tanuru. Sisi hapa tunachoma makala, mukaa ya kupikia. Unapanga miti, unafunika na majani, kiisha udongo, moto inafanya kazi ndani. Mwaka moja baba yake aliangalia tanuru, hakuona moto, hata moshi ilikuwa imeisha. Akasema imezimika, akafungua na jembe. Upepo ikaingia, moto ikaruka, miti yote ikageuka majivu. Muntu muzima, kazi ya wiki mbili!

Nikamushika mujukuu mukono, nikamupeleka kwa tanuru yenye ilikuwa nyuma ya migomba, nikamuwekea kiganja karibu na udongo.

«Unaona moto?»

«Hapana.»

«Unasikia nini?»

«Joto.» Akarudisha mukono haraka. Akasimama pale kama aliyesahau jina yake, kiisha akaanza kusema polepole: «Vumbi inakula ile ultraviole… inapata joto… inairudisha inje kama enfraruje. Koko, haiishi! Inageuka!»

«Sasa muntu akihesabu nyota kwa ile tu mwangaza yenye kupita kati ya vumbi?»

«Atasema nyota changa ni kidogo, kumbe ni mingi. Lazima ahesabu mwangaza zote mbili.» Kiisha akanipima na macho. «Lakini Koko, udongo yako inaguswa na moto. Vumbi ya kule inapashwa na mwangaza tu, kama jiwe kwenye jua.»

«Basi sema vile. Usiende kuwaambia mbinguni tunachoma makala.»

Siku yake ilipofika, alirudi mchana na uniforme yake ya bleu na nyeupe. Alikunywa maji kwanza.

«Profesere aliuliza tena ile ile,» akasema. «Nikajibu. Akaniambia niandike kwenye tablo, wale wenye walicheka wakopie.»

Baba yake alikuwa kwenye kiwanja, anapiga maharagwe na fimbo. Hakuinua kichwa. «Vizuri. Amefaulu. Kesho apumuzishe kitabu, atusaidie shamba mupaka mavuno iishe. Masomo haikimbie.»

Binti akaangalia chini. Niliona kama angekubali, juu ni mutoto wa heshima. Nikaita wote wa nyumba, wakubwa na wadogo, wakaja kiwanjani. Nikasema:

«Musikie. Huyu mutoto anaenda masomo kila siku mupaka apate diplome. Akishika kitabu, muntu asimutume maji, asimutume kuni, asimuite. Na wewe, baba yake, ongeza fimbo ingine hapa. Haya maharagwe tunaipiga wewe na mimi.»