Matumbo Kabla ya Pilipili

Kwa kiburi changu cha ofisini, niliamini ushirikiano wa wadau hujengwa kwa chai, mandazi na hotuba. Kakuma ilinifundisha kwamba unahitaji mbuzi, na ujue nani anamgusa kwanza.

Klabu yetu ya watoto baada ya masomo ilikuwa inakufa. Tulikutana nje, vumbi likitujaa machoni, na kila wiki waliobaki kufanya hesabu na kuigiza walizidi kupungua. Kando ya uwanja palikuwa na stoo tupu ya mabati, mali ya mzee mmoja Mturkana mwenye hasira za karibu. Tukiikosa, tunafunga. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilileta mbuzi kutoka Lodwar kwa pikapu, tumekaa bega kwa bega, akitafuna mtandio wangu njia nzima.

Wapishi walikuwa wadau wangu wengine, akina mama wa kwaya, wakimbizi kutoka Kongo. Mbuzi alichinjwa asubuhi. Mchana mzee akafika na kigoda chake, akaketi.

"Ejok," nikamwamkia.

"Ejok noi. Matumbo iko wapi?"

Kwetu Waturkana jambo zito haliamuliwi kabla mzee hajatandaza matumbo ya mbuzi na kusoma yajayo. Nimezaliwa Lodwar, nalijua hilo, na sikuwa nimewaambia akina mama.

"Tulisha yasafisha bizuri sana, papa!" kiongozi wa kwaya akajibu kwa furaha. "Tukakata-kata, tukatia nyanya na pilipili."

Mzee akachungulia sufuria. "Sasa mimi nasoma nini? Kitunguu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza hotuba yangu. Akanipungia mkono ninyamaze. Akala. Akatokwa jasho, akakataa maji, akaomba nyongeza.

"Chakula ni tamu," akasema, "lakini sijaona kitu. Ijumaa naleta mbuzi yangu. Hawa mama wasiguse mpaka nimalize."

"Sawa, papa," akasema kiongozi wa kwaya. "Ila usikawie kusoma. Moto itazimika."

Ijumaa akaja na beberu wake mwenyewe. Matumbo yakatandazwa, akina mama wamesimama na visu mkononi, watoto waliotoka shule wamebanana ukutani. Alisoma kwa madaha, akikuna kidevu. Niliogopa kweli, maana utumbo ukisema hapana, hakuna mahali pa kukata rufaa.

"Naona kelele," akasema hatimaye.

"Kelele ya vita, mzee?"

"Ya watoto. Ndani ya hii stoo. Kila jioni. Mpaka kichwa inaniuma."

Akainuka, akafungua kufuli. Watoto wakampita mbio kabla hajachomoa ufunguo, naye akawafokea kwa Kiturkana wavue viatu, wasimchafulie stoo. Nililia mbele ya watu wote, na sikuona aibu.