LUT ya studio ilivyofuta ukoo mzima kwenye video ya harusi Tukuyu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Hii sijasimuliwa na mtu, imenikuta mwenyewe hapa hapa Tukuyu. Siongezi chumvi. Anayetaka kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Mimi ni binti wa Kyimo, napiga na ku-edit video za harusi. Nilikuwa nimeajiriwa na studio moja mjini, jina naliacha.

Bosi wangu alikuwa na LUT moja aliyoitoa Dar. Kwa wasiojua, LUT ni faili dogo lenye jedwali la rangi. Unailetea kijani hiki, inakurudishia rangi nyingine iliyoandikwa humo. Haiulizi hicho kijani ni cha mgomba au cha gauni la mtu.

Ile ya bosi ilikuwa inageuza ngozi ziwe za dhahabu, na kijani chote kinavutwa kwenda kwenye bluu. Kazi yoyote ikitoka lazima ipakwe hiyo. Nilishamwambia, "Bosi, huku kwetu kila kitu ni kijani, tutaua picha." Akanijibu, "We binti, rangi hiyo ndiyo jina la studio. Haiguswi."

Haya.

Ikaja harusi. Mama mzazi wa bibi harusi anakaa Kisondela, aliteleza shambani akavunjika nyonga, kwa hiyo siku yenyewe alikuwa kitandani. Video ndiyo ilikuwa harusi yake.

Sasa mnajua mambo ya sare. Upande wa bwana harusi walivaa kitenge cha bluu. Upande wa bibi harusi kijani, na aliyekichagua ni huyo huyo mama, akiwa amelala hapo hapo kitandani.

Mshaona inakoelekea, eeh?

Nikapaka LUT kama nilivyoamriwa. Nilijaribu kuipunguza nguvu, bosi akapita nyuma yangu akairudisha mia kwa mia. Nika-export, yaani nikaitoa video kamili. Kosa langu hilo nalikubali, nilikuwa naona kabisa na nikanyamaza.

Video nikaipeleka mwenyewe Kisondela kwa bodaboda. Nikaweka laptop kitandani kwa mama.

Akaangalia weee. Macho yake hayashiki tena sura ndogo ndogo, watu anawatambua kwa sare. Ukumbi mzima bluu.

"Mwanangu," akaniuliza, "watu wetu hawakuja?"

"Walikuja mama, walijaa."

"Mbona naona wa upande wa mwanaume tu?"

Kumbe kaka zake walikuwa na ugomvi naye wa shamba, na waliapa watasusia. Siku ya mwisho wakabadili mawazo wakaja wote. Kila mtu alishamwambia hivyo, yeye akadhani wanamfariji. Sasa video yangu ikamthibitishia kwamba alidanganywa. Akageukia ukutani akalia.

Wakuu, niliumia. Aibu ilinishika mpaka nikashindwa kuaga vizuri.

Nikarudi studio nikamweleza bosi. Akasema bibi mmoja asiyeona vizuri hawezi kumbadilishia studio yake. Hapo ndipo nikawaka. Nikakaa kwenye mashine, nikafungua project ile ile, nikaitoa LUT yake yote. Nilikuwa nimepiga kwa log, zile picha zilizopauka, kwa hiyo nikabakiza LUT ya kawaida ya kuzirudishia rangi, ile ya kampuni ya kamera. White balance nikaiweka kwa mkono, nikitumia shela la bibi harusi kama nyeupe yangu. Kijani kikarudi kuwa kijani.

Bosi alikuta ina-export. Akasema nifute au niondoke.

Nikaondoka, na faili nikaondoka nalo. Andikeni mnavyotaka.

Kesho yake asubuhi nikawa Kisondela tena. Mama hakutaka kuangalia, nikambembeleza. Ilipofika sehemu ya zawadi, watu wa kijani wakaingia wanacheza, kaka zake mbele, mstari hauishi.

Akanishika mkono. "Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akaomba simu yake, akapiga.

"Kaka," akasema, "nakuona. Unacheza kwenye harusi ya mwanangu." Huko upande wa pili nikasikia mzee mzima anavuta kamasi. Aliponigeukia akaniambia kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana.

Nilichojifunza: LUT si adui, hata leo natumia. Ila angalia kwanza ni nani amevaa rangi unayotaka kuibadilisha. Na ukiona kosa usiwe kama mimi, sema kabla ya ku-export.

Wale wa "ungepunguza intensity tu" na wale wa "bosi ni bosi", karibuni, leo nipo nawajibu mmoja mmoja.

Na wewe bosi, najua unasoma humu. Sijutii, na msamaha siombi. Kama kuna wa kuombwa, yuko Kisondela, na mimi nilishamwomba.